Mkono wa Nne Bandani

Kuna watu wanaoona mbali, na kuna Mkaguzi, ambaye aliona karibu mno mpaka wenzake wakakosa raha. Jina hilo alipewa na kaka yake tangu utotoni, siku alipowapanga ndugu zake mstari akawanusa midomo mmoja mmoja kumtafuta aliyelamba sukari. Ukubwani akapata kazi iliyomkaa sawasawa: mtunza stoo katika kiwanda cha magodoro. Pale hatoki mtu na hata kipande cha sponji bila kuangaliwa mifuko, na wenzake wanasema kwamba huyu mama siku akizikwa, la kwanza atauliza nani alilala hapa kabla yake.

Baba yao alipofariki aliacha gari. Aliacha na vitu vingine, lakini hivyo viligawika bila maneno. Gari lilikuwa la zamani, la taa za mviringo na usukani mpana kama sinia, na lilikaa katika banda nyuma ya nyumba, juu ya stendi za chuma, bila magurudumu, miaka nenda miaka rudi. Kila Jumamosi marehemu aliingia chini yake asubuhi na kutoka jioni. Majirani walimtania mama kwamba ana mke mwenza bandani. Mama alicheka nao, kisha akaenda kuchemsha chai.

Alipoona siku zake zimekaribia, mzee aliwaita watoto wake watatu akawapa agizo. Gari ni lenu wote, mlitengeneze pamoja mpaka litembee, na asiliguse mtu peke yake. Hilo la mwisho alilirudia. Aliwajua wanawe.

Basi wakagawana kazi. Kaka mkubwa, fundi umeme, alichukua injini na nyaya. Kitinda mimba, ambaye ni kinyozi na mikono yake imezoea kulainisha sura zilizoshindikana, alichukua bodi: kupiga msasa, kuziba kutu, kupaka rangi. Mkaguzi alichukua viti na ndani kote. Sponji alinunua kiwandani kwake, na stakabadhi akamwonyesha mlinzi wa getini kabla hata hajaombwa. Chini ya gari, kwenye breki na springi, hakuna aliyepataka. Kule kuna grisi na kutu ya kukudondokea machoni, kwa hiyo walikubaliana kwamba wataangalia mbele ya safari. Walikutana kila Jumamosi, wote watatu, na ufunguo wa kufuli la banda ulining'inia kwenye msumari jikoni kwa mama.

Sasa, nyumba hii ilikuwa na desturi yake. Mzee kila alipokaza nati, alichovya njiti ya kiberiti kwenye rangi, akavuta kistari kutoka kwenye nati mpaka kwenye chuma kilicho jirani nayo. Kistari kikikatika, ujue nati imelegea, huna haja ya kuuliza mtu. Yeye alitumia rangi ya njano. Watoto nao, tangu wadogo, kila mmoja alipewa yake: kaka bluu, kinyozi nyeupe, Mkaguzi nyekundu. Ukifungua boneti ya gari lile ungeweza kusoma nani alipita wapi.

Na Mkaguzi alijiona amepita kuliko wote. Yeye ndiye aliyemshikia mzee tochi, yeye ndiye aliyempa spana kabla hajaitaja. Urithi wake hasa ulikuwa huo, kwamba baba alimwamini na gari lake. Kama gari lingetoka mikononi mwao, au mmoja angelifanya lake, basi hata hilo lingeondoka, na asingebaki na chochote cha baba isipokuwa picha moja iliyopauka. Ndiyo maana alikuwa macho. Tusimcheke sana.

Jumamosi moja alikuwa anashona kiti cha nyuma, sindano ikamponyoka ikapita kwenye tundu la sakafu. Akashuka, akapiga magoti, akachungulia uvunguni. Sindano aliiona mara moja. Lakini hakuiokota, maana macho yalikuwa yameng'ang'ania kitu kingine. Breki ya nyuma, ambayo wiki zote ilikuwa imevaa kutu na matope makavu, ilikuwa imesafishwa ikang'aa. Nati zake zilikuwa zimekazwa. Na juu ya kila nati palikuwa na kistari, kimevutwa kwa utulivu, cha rangi ya kijani.

Akawatazama ndugu zake miguu. Viatu vya kaka vilikuwa upande wa injini, ndala za kinyozi upande wa mlango. Hakuna aliyekuwa na habari, au wote walikuwa wanajifanya hawana. Mkaguzi akanyanyuka, akajipangusa magoti, akaendelea kushona. Mtunza stoo mzuri hapigi kelele akiona pengo. Anasubiri amwone mtu anayelikwepa kwa macho.

Siku ile alimsoma kaka yake kama gazeti. Kaka alinawa mikono kwa sabuni nyingi kuliko kawaida. Kaka alipiga miluzi. Kaka alisema, "Hili gari likikaa vizuri litatushangaza," na Mkaguzi akajiuliza, litamshangaza nani, na yeye amejuaje? Hesabu kichwani mwake ilikuwa nyepesi. Kaka ameleta fundi wa nje kwa siri. Gari likimalizika haraka atasema kazi kubwa ni yake, halafu atalichukua. Rangi ya kijani ni ya fundi huyo. Alichokosea kaka ni kumfundisha fundi desturi ya nyumbani kwao, na hilo ndilo lililomuuma Mkaguzi kuliko breki zenyewe.

Kabla ya kuondoka alipita jikoni. Mama alikuwa anakatakata vitunguu karibu na dirisha linalotazama banda.

"Mama, wiki hii kuna mtu alikuja kuchukua ufunguo?"

"Ufunguo si ule pale," mama akasema.

"Nauliza kama kuna mgeni aliingia bandani."

"Mwanangu, hapa hajaingia mgeni yeyote."

Mkaguzi alimwangalia mama yake kwa huruma. Mtu mzima, mgongo unamsumbua, usingizi wa mchana ni mzito. Gari zima lingeweza kubebwa na asijue. Alimbusu shavuni, akatoka akarudi bandani. Akatega uzi mwekundu kwenye mlango, chini kabisa, kutoka ubao hadi ubao. Mlango ukifunguliwa, uzi unakatika.

Jumamosi iliyofuata aliwahi kufika kuliko wote. Uzi haukuwepo. Alikuwa bado ameinama pale mlangoni, mama akatokea na kikombe cha chai mkono mmoja na uzi mkono mwingine, umeviringwa vizuri.

"Uliangusha uzi wako mlangoni," mama akasema. "Nimekuwekea."

"Asante, mama," Mkaguzi akajibu, akautia uzi mfukoni, akasikitika kwamba mtego wake umeharibiwa na usafi.

Mimi nasimulia tu. Lakini kama ningekuwepo pale mlangoni ningemtikisa mabega.

Akaingia uvunguni. Sasa na breki ya pili ilikuwa imeng'arishwa, na springi zimepakwa grisi. Vistari vya kijani vilikuwa vimeongezeka. Kaka alipofika, Mkaguzi alimjibu salamu kwa shingo upande, akakaa ndani ya gari akishona huku masikio yake yako nje. Haukupita muda mrefu, simu ya kaka ikalia. Akasogea pembeni ya banda, akapunguza sauti. Mtu akipunguza sauti mbele ya Mkaguzi ni sawa na kumpigia kengele.

"Ndiyo, lipo," kaka alikuwa akisema. "Wiki ijayo uje ulione. Ukiridhika, unalichukua siku hiyo hiyo."

Sindano ilimchoma kidole, na hakusikia. Alitoka ndani ya gari, akasimama mbele ya kaka yake, mikono kiunoni.

"Anakuja kuchukua nini?"

"Nini?"

"Huyo mtu wako. Wiki ijayo anachukua nini?"

"Feni la mteja wangu, liko kwangu nyumbani nimelitengeneza," kaka akasema. "Kwani vipi?"

"Feni. Na huyo fundi wako wa kijani naye anatengeneza mafeni?"

Kaka akamtazama kama mtu aliyeulizwa swali kwa lugha ngeni. Kinyozi aliacha kupiga msasa. Mkaguzi akawaburuta wote wawili mpaka uvunguni, akawamulikia tochi, akawaonyesha breki moja baada ya nyingine. Kinyozi ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema.

"Mimi nina nyeupe," akasema, kama mtu anayetoa ushahidi.

"Na mimi nina bluu," kaka akasema. "Kwa hiyo hapa umeniona wapi?"

"Wewe ndiye unayetaka gari hili. Tangu zamani. Baba alipokuwa hai ulikuwa unasema ukipata nafasi utalifanya lako."

"Nilikuwa na miaka tisa, Mkaguzi."

"Basi sema nani. Nje ya sisi watatu, nani anajua habari ya vistari? Umemleta mtu, umemfundisha, unataka siku ya mwisho useme gari nimelimaliza mimi."

Mama alikuwa amefika na birika, amesimama mlangoni. Hakuna aliyejua amesimama pale tangu lini. "Wanangu," akasema, "hebu subirini. Hizo breki—"

"Mama, tafadhali," Mkaguzi akamkatiza, si kwa ukali, kwa upole ule tunaoutumia kwa watoto. "Usijichoshe. Haya ya gari tuachie wenyewe."

Mama akafumba mdomo. Aliweka birika juu ya ndoo iliyopinduliwa, akarudi jikoni.

Kaka alianza kukusanya spana zake. Alizipanga ndani ya sanduku moja moja, na kwa jinsi alivyokuwa akizipanga ungejua kwamba ameumia. "Tangu baba afe," akasema, "unatuhesabia nati kana kwamba tumetoka gerezani. Mimi sijaleta mtu. Lakini nikikaa hapa nitaonekana mwizi, na nikiondoka nitaonekana mwizi. Bora niondoke nikapumzike." Akabeba sanduku, akaenda zake.

Kinyozi alijipangusa vumbi la msasa usoni. "Kama ni hivi," akasema, "mimi nitawaita watu wa vyuma chakavu walibebe. Sikuja kugombana. Nawapa mpaka Jumamosi, mkipatana sawa, msipopatana liende." Na yeye akaondoka, na alikuwa mtu wa kutimiza alichosema.

Mkaguzi akabaki peke yake na gari. Alipaswa kujisikia mshindi. Badala yake aliona wazi jinsi gari la baba litakavyoburutwa kwenye lori, viti alivyoshona kwa mkono wake vikiwa ndani. Kaka akithibitika mkosaji, angalau wawili waliobaki wangeendelea. Alihitaji kumshika mtu mkono ukiwa kwenye nati.

Katikati ya wiki akaomba ruhusa kazini, akasema anaumwa jino, jambo ambalo yeye mwenyewe asingemruhusu mtu bila kumtazama kinywani. Hakupita mbele. Alizunguka kwa nyuma, akaruka mtaro, akapenya kwenye uzio palipobomoka, akarundika kanga yake kifuani isishikwe na waya. Jua lilikuwa kali, mtaa umelala. Akanyata hadi bandani.

Kufuli lilikuwa wazi.

Alichungulia kwenye ufa wa ubao. Chini ya gari palikuwa na mtu. Miguu ilitokeza upande wa nyuma, imevaa ovaroli ya mzee, ile ya kijivu yenye kiraka gotini. Mkaguzi alipandwa na hasira. Yaani mtu huyu, pamoja na yote, wamempa na nguo za marehemu! Akaokota mpini wa jeki uliokuwa umeegemezwa mlangoni, akapiga moyo konde, akaingia.

"Toka hapo," akasema. "Toka polepole, nikuone sura."

Miguu ilitulia. Haikukimbia. Mkaguzi akasogea, akainua mpini, na hapo ndipo alipotazama nyayo. Zilikuwa hazina viatu. Visigino vilikuwa na mipasuko mirefu, na katika mipasuko ile kulikuwa na mafuta ya mgando, aliyokuwa ameyanunua yeye, ambayo kila akija Jumamosi jioni humpaka mama yake kabla hajaondoka.

Mpini ukashuka wenyewe.

Mama alijivuta akatoka, taratibu, akishikilia bampa, akakaa juu ya gunia. Nywele alikuwa amezifunga kitambaa. Shavu moja lilikuwa na grisi. Mkononi alikuwa na spana, na karibu yake kopo la rangi ya kijani iliyobaki walipopaka mlango wa jikoni, mlango ambao Mkaguzi aliupita kila wiki na macho yake yote mawili.

"Mama," Mkaguzi akasema.

"Huo mpini uweke chini, utakuumiza mguu."

Akauweka. Akakaa hapo hapo sakafuni, kanga imemwagika mapajani. "Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikwambia. Uzi nilikupa mkononi." Mama alifuta spana kwa kitambaa. "Uliuliza kama kuna mgeni. Mimi ni mgeni hapa?"

"Lakini nani amekufundisha?"

"Nani anifundishe? Dirisha langu linatazama wapi? Nilikuwa nakata vitunguu, namwona baba yako anavyokufundisha wewe. Hivi ndivyo unavyofungua, hivi ndivyo unavyokaza, hapa unavuta kistari. Wewe ulikuwa unasahau. Anarudia. Mimi nilikuwa naishika mara ya kwanza." Akacheka kidogo, kicheko kisichokuwa na furaha. "Niliwahi kumwomba. Nikamwambia, baba watoto, na mimi nipe hata nati moja. Akaniambia utachafuka. Mimi, niliyekuwa nafua hiyo ovaroli."

Mkaguzi akageuka akatazama dirisha la jikoni. Alimkumbuka baba aliyemwamini yeye, na kwa mara ya kwanza akamwona mtu aliyekuwa amesimama nyuma ya kioo siku zote zile, na akaona aibu.

"Alipofariki," mama akaendelea, "nilijua mtaniuliza. Mlikaa pale sebuleni mkaligawana. Mimi ndiye niliyewaletea chai. Injini huyu, bodi huyu, viti huyu. Nikangoja. Mkanywa chai. Nikaona basi, chini hakuna aliyepataka. Nikachukua kilichobaki."

"Na siku ya ugomvi?"

"Siku ile nilifungua mdomo. Uliniambiaje?"

Machozi yalimlengalenga Mkaguzi, akayaacha. Mama hakumbembeleza. Alimwonyesha kwa spana kule chini. "Upande huu sijui nimekosea wapi. Ngoma ya breki inagoma kuzunguka. Nimeifungua, nimeifunga, inagoma tu. Nilitaka kumuuliza kaka yako, na wewe umeshamfukuza."

"Nitampigia. Sasa hivi."

"Mpigie. Weka sauti kubwa, nami nisikie."

Simu iliita mpaka karibu ikatike. Kaka alipopokea, sauti yake ilikuwa baridi. "Umepoteza nini tena?"

"Sijapoteza kitu. Nimempata mtu wa kijani. Si mtu wako. Nimekukosea, kaka, mbele ya mdogo wetu nimekupaka matope. Nisamehe."

Kaka akashusha pumzi, na mtu angesikia jinsi kifundo cha moyo kilivyoanza kumlegea. "Haya, yamepita. Ni nani?"

Mkaguzi akamtazama mama. Mama akatikisa kichwa, akanong'ona, "Mwache akisie."

"Hebu kisia."

"Kinyozi. Alijifanya mpole."

"Siye."

"Jirani mwenye pikipiki. Yule anapenda spana za watu."

"Siye."

"Usiniambie ni wifi yako. Yule hata balbu huniita mimi."

"Siye, kaka."

Mama alikuwa anaifuta spana ile ile, ambayo ilikuwa safi zamani. Kwa kila mtu aliyetajwa, kitambaa kilikwenda polepole zaidi. Mkaguzi alitamani kukata simu, na alitamani kaka aseme, amalize, aseme tu.

"Basi ni yule rafiki wa mzee waliyekuwa wakinunua naye vipuri."

"Alishahama mji."

"Basi ni wewe mwenyewe, unatutafutia maneno."

"Si mimi."

Kaka akacheka, sasa ameanza kuufurahia mchezo. "Sasa amebaki nani? Mzee amefufuka?"

Kitambaa kikasimama.

"Jaribu tena," Mkaguzi akasema, na sauti ilikuwa inamkatika. "Tafadhali, kaka. Ni mtu wa hapa hapa nyumbani."

"Hapo nyumbani hakuna mtu," kaka akasema. "Yupo mama tu."

Simu ilibaki wazi. Kule upande wa pili kicheko kilikuwa kimezimika, na pumzi zake zilisikika. Mama alilaza spana juu ya gunia, akajisogeza mpaka karibu na mkono wa binti yake.

"Ndiyo," akasema. "Nipo."